Mashine mpya ya kuosha vyombo inakukera kuliko ile ya zamani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniita kuangalia mashine mpya za kuosha vyombo, kuanzia Muyenga hadi Entebbe, huwa na lalamiko moja lenye sura nyingi: ile ya zamani ilikuwa bora. Wengine waliikuta kwenye nyumba waliyopanga, wengine walikuja nayo kwenye kontena waliporudi kutoka nje. Ilipiga kelele na kumaliza maji, lakini vyombo vilitoka vikavu na vya moto. Hii mpya haisikiki, inakaa nusu siku, na bakuli za plastiki zinatoka zikichuruzika.

Nimeandika majibu haya kwa nyumba za Uganda, kwa maji yetu, umeme wetu na chakula chetu. Kitabu kinachokuja na mashine kiliandikwa kwa ajili ya jiko la mtu mwingine.

Ya zamani ilimaliza kwa saa moja na dakika chache. Hii inakwenda saa tatu na nusu. Ni mbovu?

Si mbovu. Kuosha chombo kunategemea mambo manne: joto, muda, sabuni, na nguvu ya maji yanayopiga. Mjerumani Herbert Sinner, mtaalamu wa sabuni, aliyapanga mambo haya kwenye duara moja mwaka 1959, na mafundi bado tunalitumia: ukipunguza kimoja, sharti uongeze kingine. Mashine za zamani zilitumia maji ya moto sana na mengi, kwa hiyo zilimaliza mapema. Nyingi zilikunywa lita 30 hadi 40 kwa kuosha mara moja, yaani karibu jerikeni mbili. Mashine mpya kwenye programu ya Eko, ile ya kubana maji na umeme, inatumia lita 9 hadi 12, kama nusu jerikeni, tena kwa joto la nyuzi 45 hadi 50 hivi. Kilichopunguzwa kwenye maji na joto kimelipwa kwa muda.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi dukani ni kwamba ile karatasi yenye herufi A hadi G iliyobandikwa mlangoni, mpangilio uliotumika Ulaya tangu Machi 2021, inapima Eko peke yake. Kwa hiyo mtengenezaji anaiboresha Eko ipate herufi nzuri, na muda ndio unaorefuka. Hulazimiki kuitumia. Ukiwa na wageni na sahani zinahitajika jioni hiyohiyo, chagua programu ya nyuzi 65 au ile ya saa moja. Eko iwashe usiku, wewe ukiwa umelala.

Saa zote hizo si zinakula yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla?

Hapana, na hili ndilo watu wengi hawaliamini mpaka watazame mita wenyewe. Umeme mwingi wa mashine hii unakwenda kwenye kupasha maji moto. Pampu inayozunguka saa tatu inakula kidogo tu. Eko hutumia yuniti moja au pungufu kidogo. Programu kali ya nyuzi 70 hufika yuniti moja na nusu au karibu na hapo. Kwa kuwa yuniti ya nyumbani imekuwa ikizidi shilingi 700, tofauti hiyo ukiikusanya mwezi mzima inaonekana.

Haisikiki kabisa. Nitajuaje kama inafanya kazi?

Tazama sakafuni: baadhi zina kataa kadogo kekundu au keupe kanakomulika chini ya mlango hadi ikimaliza. Ukimya huo nao una sababu. Mashine nyingi mpya hazirushi maji juu na chini kwa wakati mmoja. Zinapeleka kwenye mkono wa chini, kisha wa juu, kwa zamu. Ndiyo maana wakati fulani utasikia kama imesimama.

Kwa nini vyombo vinatoka na maji, hasa plastiki?

Mashine nyingi za zamani, hasa za Marekani, zilikuwa na koili wazi chini ya tumbo la mashine. Baada ya kusuuza, koili ile iliwaka na kuoka kila kitu kilichokuwemo. Ilikausha vizuri, na mara nyingine iliyeyusha kifuniko cha plastiki kilichodondoka. Mashine mpya nyingi hazina koili hiyo. Zinapasha moto maji ya mwisho ya kusuuzia, sahani inabaki na joto lake, na mvuke unageuka maji kwenye kuta za chuma ambazo ni baridi. Sahani ya udongo na glasi hushika joto, kwa hiyo hukauka. Plastiki haishiki joto, hupoa upesi, na maji hubaki juu yake. Hakuna mpangilio wa programu utakaobadilisha hilo.

Yanayosaidia ni haya. Kwanza, jaza dawa ya kusuuzia, ile ya maji iliyo na kitundu chake karibu na kisanduku cha sabuni. Watu huiona kama anasa na kuiruka, kumbe katika mashine mpya ndiyo inayofanya maji yateleze kwa utandu mwembamba badala ya kusimama kama matone. Pili, programu ikiisha, fungua mlango kiasi cha kiganja uache mvuke utoke. Baadhi ya mashine hujifungulia zenyewe. Tatu, toa trei ya chini kwanza, la sivyo maji yaliyotuama kwenye matako ya vikombe yatamwagikia sahani zilizokwisha kukauka.

Plastiki zipeleke nje kwenye kichanja. Jua letu linamaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na sioni haya kumwambia hivyo mtu aliyenunua mashine ya mamilioni.

Glasi zina ukungu mweupe. Ya zamani haikufanya hivi.

Hapa mara nyingi kilichobadilika ni sabuni. Sabuni za zamani zilikuwa na fosfeti, ambayo ililainisha maji na kuzuia uchafu usirudi kwenye glasi. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliibana mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya ukafuata Januari 2017, kwa sababu fosfeti ikifika ziwani inalisha mwani. Anayeijua ghuba ya Murchison upande wa Ggaba, maji yanavyogeuka kijani, hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi sitamani fosfeti irudi. Ila ni kweli kwamba sabuni za sasa zinataka uangalifu ambao zile za zamani hazikuudai.

Kabla ya kutibu, jua unatibu nini. Chukua glasi moja yenye ukungu, ipake siki, ngoja kidogo, suuza. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji. Usipotoka, na ukipitisha kidole unahisi glasi imekwaruzika, basi glasi yenyewe imelika na haitarudi.

Chokaa huwapata hasa wanaotumia maji ya kisima kirefu. Dalili yake utaiona kwenye birika: magamba meupe chini, na sabuni ya kawaida haitoi povu upesi. Hao wanahitaji chumvi ya mashine na kupandisha kipimo cha ugumu wa maji. Lakini maji ya bomba ya Kampala na Entebbe yanatoka Ziwa Victoria, na ni maji laini. Kwa maji laini tatizo ni kinyume: mashine inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa maji magumu ya Ulaya, mtumiaji anaweka chumvi nyingi na vidonge vikali, na glasi inaanza kuliwa. Shusha kipimo cha ugumu hadi chini kabisa, punguza sabuni, na glasi za thamani zioshe kwa joto la chini. Kazi hiyo hufanywa kwa vitufe tu, na kitabu kinaonyesha vipi.

Naweza kutumia chumvi ya mezani?

Usitumie. Ya mezani ni laini sana na ina madini joto na dawa ya kuizuia isigande. Inaziba na kuharibu kilainisha maji. Ya mashine ni mawe safi makubwa makubwa. Ukiikosa na unatumia maji ya ziwani, ni heri ukae bila chumvi kuliko kuweka isiyofaa.

Je, nisuuze sahani kwanza kama tulivyofanya na ile ya zamani?

Kukwangua, ndiyo. Kusuuza hadi sahani ing'ae, hapana. Mashine nyingi mpya zina sensa inayopitisha mwanga kwenye maji ili kuona yamechafuka kiasi gani. Ukiingiza sahani zilizokwisha kusuuzwa, sensa inaona maji masafi, inapunguza muda na maji, na ile bakuli moja ya maharage uliyoisahau kona inabaki na uchafu wake. Sabuni ya sasa nayo ina vimeng'enya vya kukata wanga na protini, na vinahitaji chakula cha kukata.

Lakini kuna vyakula vyetu ambavyo havikufikiriwa na walioitengeneza. Posho, yaani ugali, ikikauka kwenye sahani inakuwa ganda gumu, loweka kwanza. Mchuzi wa karanga, yaani binyebwa, una mafuta mazito yanayoganda kwenye kuta za mashine ukiosha kwa joto la chini. Vyombo vilivyopikiwa binyebwa vioshe kwa nyuzi 65 au 70. Na matooke, ndizi zetu za kupika: angalia vipande vya majani ya mgomba na nyuzi zake. Kipande kimoja chembamba kikizunguka na maji hadi kwenye chujio, kinajilaza pale kama kifuniko. Kwa nyumba inayopika matooke kila siku, sahani zikwanguliwe vizuri kwa kijiko kabla ya kitu kingine chochote.

Inanuka. Na kuna mchanga mchanga kwenye vikombe vya trei ya juu.

Chujio. Nikiingia jikoni nikaambiwa maneno hayo mawili, huwa siulizi zaidi.

Mashine nyingi za zamani, hasa za Marekani, zilikuwa na kisu kidogo cha kusaga mabaki karibu na pampu. Kelele nyingi uliyoisikia ilikuwa yake. Mpya nyingi hazina, zina chujio unalosafisha kwa mkono, na aliyezoea ya zamani hajui hata kama lipo. Toa trei ya chini. Chini katikati utaona kitu cha mviringo chenye mshikio. Kizungushe kinyume cha saa, kinyanyue, kitatoka pamoja na wavu bapa wa chuma ulio chini yake. Kisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni ya kawaida, pitisha maji kutoka nje kwenda ndani. Kabla ya kurudisha, chungulia shimoni: hapo nimekuta mifupa ya samaki, vijiti vya meno, vipande vya glasi. Vaa glavu. Rudisha na uzungushe mpaka kikaze, kwa sababu kikiwa kimelegea uchafu unapita pembeni na kurudi kwenye vikombe.

Nyumba ya watu wengi ifanye hivyo kila wiki. Mara moja kwa mwezi endesha programu ya joto la juu kabisa bila vyombo, mafuta yaliyoganda yatoke. Na ile mikono inayozunguka, ichomoe, itikise. Mbegu ya nyanya au ya pilipili ikikaa kwenye tundu, mkono hausukumi maji.

Kama kuna dada au kaka anayekusaidia kazi za nyumbani, mfundishe hili kwa kumwonyesha. Si haki kumlaumu kwa vyombo visivyotakata wakati hakuna aliyemwambia chujio liko wapi.

Sufuria zangu zimekuwa nyeusi. Nitazirudishaje?

Sufuria za aluminiamu hazifai kwenye mashine hii, wala hazikufaa kwenye ile ya zamani. Sabuni yake ni kali na inaila aluminiamu, ndipo inageuka kijivu kisha nyeusi, na kuacha madoa kwenye vyombo vingine. Kuchemsha maji yenye ndimu au siki ndani ya sufuria hurudisha mng'ao kiasi, kisha ioshe kwa mkono siku zote. Sufuria yenye masizi ya sigiri usiiingize kabisa. Wala mwiko wa mbao, chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, au kisu chenye mpini wa mbao.

Na mpangilio wa trei? Vyungu vyetu vikubwa haviingii.

Haya ni malalamiko ya haki. Trei zimepangwa kwa sahani bapa na glasi za mvinyo, si kwa sinia ya watu sita. Unaponunua, tafuta ambayo meno ya trei ya chini yanalala na trei ya juu inashuka na kupanda. Nenda dukani na sinia lako. Si utani, wauzaji wamezoea maswali ya ajabu kuliko hilo.

Inasimama ikionyesha alama ya bomba, na maji yapo.

Yapo, lakini hayana msukumo. Mashine nyingi zinataka msukumo wa baa 0.5 angalau, nyingine baa 0.3. Mita 10 za kimo hutoa baa moja. Kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mashine linatoa baa 0.3 tu, na likiwa nusu tupu linapungua zaidi. Baadhi ya mashine za zamani zingesubiri tu mpaka tumbo lijae. Mpya inahesabu muda wa kujaza. Ukipita, inakata tamaa na kuwasha alama.

Kwanza funga maji, fungua mpira wa kuingizia, safisha kile kichujio kidogo kilicho kwenye valvu. Mchanga na kutu vinapenda kukaa hapo, hasa maji yakirudi baada ya kukatika. Kama bado, inua tangi. Mafundi wa Katwe watakuchomelea stendi ndefu zaidi kwa vipimo utakavyowapa. Au weka pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Na mpira wa kutolea maji machafu uinuliwe kwa mzingo chini ya meza kabla ya kuingia kwenye bomba la sinki, ili maji ya sinki yasirudi ndani.

Umeme ukikatika katikati inakuwaje?

Ya zamani yenye kitasa cha kuzungusha ilibaki palepale ilipofikia, umeme ukirudi inaendelea. Mpya nyingi nazo hukumbuka. Zikianza kwa kumwaga maji, ziache. Usitoe vyombo vilivyokatizwa katikati ukavipeleka mezani: bado vina sabuni kali. Visuuze kwanza, na watoto wasikaribie kisanduku kilicho wazi.

Kinachoniuma ni bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine. Kitasa cha zamani kilivumilia umeme unaopanda na kushuka. Bodi ya mashine mpya inaweza kufa kwa mshtuko mmoja umeme unaporudi, na bodi mpya, ikipatikana Kampala, inaweza kugharimu fedha ambayo mtu anaona ni bora aongezee anunue mashine nyingine. Huo ni udhaifu wa kweli, si mazoea ya mtumiaji. Weka kifaa cha kulinda umeme kinachohimili ampea 13 na kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, aina ileile inayowekwa kwenye friji. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na birika la umeme. Mashine ikipasha maji inavuta karibu wati 2,000.

Je, inverta ya sola itaiendesha?

Ndogo, ya kVA 1, haiwezi. Kama una kipasha maji cha sola juu ya paa, soma kitabu: baadhi ya mashine hukubali maji ya moto hadi nyuzi 60 kwenye valvu yao. Hapo umeme unapungua sana.

Nina ya zamani ya Marekani kwenye stoo. Nirudi kwake kwa kutumia transfoma?

Fikiri vizuri. Ile ilitengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma inabadilisha volti tu. Mizunguko inabaki 50, kwa hiyo mota inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Hata kitasa cha muda, ambacho kinahesabu kwa mizunguko hiyo, kinachelewa: programu ya dakika 60 inakuwa ya dakika 72. Pia inategemea kuingiziwa maji ya nyuzi 49 hivi kutoka kwenye bomba la moto la nyumba. Ukiipa maji baridi ya tangi, haitaosha kama ilivyoosha kule ilikotoka. Ya zamani ya Ulaya ya volti 220 hadi 240 ni habari nyingine. Hiyo ikiwa nzima, na mpira wa mlango haujapasuka, itengeneze uitumie.

Sijanunua bado. Niulize nini dukani?

Uliza bodi na pampu zinapatikana hapa nchini au zinaagizwa, na zinaagizwa kwa muda gani. Uliza msukumo wa chini wa maji, kisha upime kimo cha tangi lako kabla ya kulipa. Uliza kama kuna programu ya saa moja yenye joto la kutosha, na kama mlango unajifungua wenyewe kukausha. Uliza nani atakuja siku ikikwama, na umpigie simu mtu huyo ukiwa bado dukani. Akikosa kupokea, jaribu duka linalofuata.